Jina Lipande Juu

"Hapana, baba. Andika jina lote," alisema Bi Sufia. "Jochna Ara Mondal. Usilikate."

Tuhin aliondoa vidole kwenye kompyuta. Alikuwa amemaliza chuo mwaka ule ule, na ofisi yake, juu ya duka la halua katika soko la Jamalpur, ilikuwa na meza moja na mteja mmoja. Mteja mwenyewe ndiye huyu, mjane wa sari nyeupe, aliyetaka tovuti ya kutangaza mifarishi iliyoshonwa na binti yake.

"Shangazi, ngoja nikueleze. Mtu akitaka mfarishi anaandika 'mfarishi wa kushonwa kwa mkono'. Injini ya utafutaji inampeleka kwa wenye maneno hayo. Jina la mtu nani atalitafuta? Hata mtaani kwenu, nani anamjua Jochna? Si wanamwita Mama Tuli?"

"Wanamwita Mama Tuli."

"Basi."

"Basi andika Jochna Ara Mondal. Atakayelitafuta jina hilo, aione mifarishi kwanza. Na iwe kabla shule hazijafunguliwa Januari."

Tuhin akatikisa kichwa. Angalau hilo la Januari alilielewa: mifarishi huuzwa wakati wa baridi.

"Na Jochna mwenyewe yuko wapi?"

"Dhaka. Alikwenda kushona mashati kiwandani." Bi Sufia alijivutia ncha ya sari kichwani. "Alimwacha Tuli anatambaa. Sasa Tuli anaingia darasa la sita."

Maneno hayo yalimkaa Tuhin moyoni. Aliifunua ile mifarishi, sari kuukuu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na juu yake tembo, samaki na mayungiyungi, mishono midogo kama punje za ufuta. Mikono kama hii, akawaza, inashona kola za mashati ya watu! Wateja wakija, mama huyu atarudi kwa mwanawe. Hakumwambia Bi Sufia, asije akampa tumaini la bure. Lakini tangu siku hiyo alifanya kazi kwa ajili hiyo.

Aliitundika mifarishi kwenye ua wa mianzi, akaipiga picha mmoja mmoja. Kila mfarishi ukapata ukurasa wake, na kila ukurasa ukabeba jina lile, zima. Kisha akawaandikia wasafiri, walimu wa ushoni na wenzake wa chuoni, akiwaomba waitaje tovuti kwenye kurasa zao.

"Ni kama kutafuta mchumba," alimweleza Bi Sufia. "Ukijisifu mwenyewe, nani atakuamini? Lakini ukisifiwa na mtaa mzima, posa inakuja yenyewe."

Kila Alhamisi Bi Sufia alipanda ngazi na vitumbua vya mvuke, vyenye nazi na sukari guru ndani, akauliza swali moja.

"Limepanda?"

"Limepanda, shangazi. Ila mbele yetu wapo wengine." Tuhin alikuwa na programu iliyomwonyesha anwani za kurasa tu, bila picha, zikiwa zimepangwa kama foleni. "Magazeti matupu. Mengine ya Ulaya. Labda kuna Jochna mwingine, mcheza filamu."

Bi Sufia hakucheka. "Wapite."

"Yale ni matembo, shangazi. Mimi sisimizi."

"Sisimizi halali. Wapite."

Desemba, mama mmoja wa Denmark aliandika. Alitaka mfarishi wa tembo, tena alikuwa tayari kuagiza mingine mingi. Tuhin alishuka ngazi mbiombio, akakimbia hadi nyumbani kwa Bi Sufia, akamkuta anachambua mchele.

"Mwambie hauuzwi," alisema Bi Sufia.

"Basi Jochna amshonee mwingine."

"Mwambie hashoni."

"Shangazi, tunaita watu kwa vigelegele, halafu wakija tunawafungia mlango. Biashara gani hii?"

"Wewe ita tu, baba."

Tuhin alirudi sokoni polepole. Kidogo aiache kazi ile. Aliona uchungu kwa ajili ya Jochna, aliyeinama huko juu ya cherehani, asijue kwamba njia ya kurudi nyumbani ilikuwa imefunguka na mama yake mzazi ameiziba. Lakini akaendelea. Siku moja, alijiambia, mzee huyu atalegea.

Jumamosi, kesho yake shule zikifunguliwa, maana huko juma la masomo huanza Jumapili, Bi Sufia hakungoja Alhamisi. Alifika akihema.

"Tumewapita," Tuhin alimpokea. "Ukurasa wa kwanza wote ni wetu."

"Huo mtambo wako siuamini. Tumia simu yako. Andika kama mtu yeyote anavyoandika."

Tuhin akaandika jina. Tembo akatokea, kisha samaki, kisha mayungiyungi, kimoja chini ya kingine, mpaka kioo cha simu kikajaa rangi. Alishindwa kuficha tabasamu.

"Umeona? Sasa mpigie simu, shangazi. Mwambie arudi nyumbani."

"Teremka," alisema Bi Sufia. "Teremka mpaka mifarishi yetu inapoishia."

Akateremka. Mifarishi ikapita, ikapita, ikaisha. Yakaanza magazeti, na yote yalikuwa na picha moja: kiwanda kilichoporomoka, na katikati ya zege mwanamke kijana aliyezikwa hadi kifuani, vumbi usoni, macho wazi yasiyoona tena. Chini ya picha, jina lote. Hawakulikata.

Bi Sufia hakuitazama simu. Alimtazama Tuhin.

"Mwalimu wao wa kompyuta amesema kesho kila mtoto aanze kwa kutafuta jina la mama yake," alisema. "Tuli hawezi kuteremka mpaka huko, eti baba? Si atachoka njiani?"