Maumivu ya Kuchapa

"Hapa?" Ussi aliuliza, akibonyeza kifundo cha mkono.

Wahida akaguna. Vidole vya kulia vilikataa hata kukunja ngumi.

"Umeufanya nini mkono huu, Bi Wahida?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu alipopanda teksi kuja kliniki hii ya mtaa wa Sharafiya. Mumewe, Marwan, angerudi kesho kutoka Riyadh, naye angeuliza vivyo hivyo. Njiani alikuwa ameapa: wa kwanza kuuliza atamwambia kweli.

"Kuchapa," akasema, uso ukimwaka.

Ussi akacheka. Alikuwa tabibu wa viungo, mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa Jeddah, na kila apatapo mgonjwa wa kuzungumza naye Kiswahili hufurahi kama aliyetembelewa na shangazi.

"Hilo tu? Sasa waona haya ya nini? Nusu ya wanaokuja hapa ni hilo hilo. Wachapa kila siku?"

"Si kila siku. Jana nilizidisha."

"Kwa mikono yote miwili?"

"Wa kulia tu."

"Ndipo unapokosea." Akamwonyesha: kifundo kinyooke, bega lilegee, kiwiko kipumzike mezani. "Na usigonge kwa nguvu. Hizo herufi zimekukosea nini?"

Wahida akavitazama vidole vyake.

"Wengi huchapa kwa hasira. Kazi imechelewa, kichwa kimepata moto, basi mkono ndio unaoteseka. Ukihisi umeanza kukaza, inuka. Nenda kanywe maji. Hakuna kitakachoharibika ukingoja kidogo."

"Hakuna," akaitika kwa sauti ndogo.

"Na mtu aliyesoma kama wewe haambiwi mara mbili."

Machozi yakamlenga. Ussi akadhani ni maumivu, akaulegeza mkono polepole.

"Sitachapa tena," Wahida akasema. "Wallahi, sitachapa tena."

"Ah, usijifunge kwa kiapo, dada. Pumzika wiki mbili tu, halafu utaendelea kama kawaida."

Alipofika nyumbani, mkono wa kushoto ulishindwa kuupata ufunguo ndani ya mkoba, akabonyeza kengele. Priscah, mfanyakazi wake kutoka Kenya, akafungua upesi, shavu la kushoto limevimba, alama za vidole zingali juu yake.

"Pole, madam," akasema, akimpokea mkoba. "Mkono wamesemaje?"