Msumari wa Dirishani

Fundi Shekue alivua viatu, akapanda kwa ngazi juu ya paa aliloliezeka mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu kila penye msumari.

"Gharama itapanda, Bi Mwanakheri," alisema. "Chumvi ya bahari hii haiachi msumari."

Mwenye nyumba alifungua pindo la kanga, akatoa msumari mmoja.

"Huu ni katika ile misumari ya bei ghali niliyokununulia. Niliubakisha, nikaupigilia dirishani, upande wa bahari, hadi leo nilipoung'oa. Utazame."

Msumari uling'aa.

"Ile mingine uliipeleka wapi?"

Shekue alitazama pembeni. "Tutazungumza nikishuka."

"Zungumza hukohuko."

Bi Mwanakheri aliiondoa ngazi, akailaza uani, akaingia ndani. Jua la saa sita liliyachoma mabati. Viatu vya fundi vilikuwa chini, ukutani.