Kovu Chini ya Sufu

Shelomithi alimkokota kondoo kipofu hadi langoni pa hekalu, na watu wakamcheka.

"Mama, huyo umemfukua kaburini?"

Shelomithi alizidi kuvuta kamba. Juzi alileta dume lake zuri la kondoo, la kutimiza nadhiri aliyoiweka yeye wakati binti yake Mahla alipokuwa hoi kwa homa. Kuhani Uzai, mkaguzi wa wanyama, alilipapasa toka pembe hadi mkia, kisha akalikataa. Lina kovu, alisema. Kovu lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya shayiri, limejificha chini ya sufu nene. Shelomithi aliyelifuga hakuwahi kuliona. Papo hapo jirani yake Hashumu akaleta dume lenye macho meupe kama maziwa, na Uzai akalipitisha.

Jana homa ya Mahla ilirudi. Shelomithi alijua sababu: nadhiri ilikuwa haijalipwa.

Na sababu ya nadhiri kutolipwa ilikuwa hongo, hakuna jingine. Kila asubuhi nabii mmoja mzee alisimama pale langoni akiwafokea makuhani kwamba wanamtolea Mungu vilema na vipofu, wanyama ambao hata liwali wa Uajemi asingekubali kupelekewa. Leo Shelomithi alimwendea.

"Nikimkamata mmoja wao, babu?"

"Niite tu. Atavuliwa kanzu mbele ya watu, na dume lako litakaguliwa upya na kuhani mwingine."

Uzai alikuwa ameketi penye jiwe lake la ukaguzi, kichwa juu. Shelomithi alimsalimu, naye akaitikia bila hata kumtazama usoni. Kiburi cha makuhani hicho, kinakera kweli.

"Wewe ni mama wa juzi," alisema Uzai. "Mwenye binti mgonjwa. Anaendeleaje?"

"Vibaya. Nimeleta dume jingine. Na nakwambia mapema, sina zawadi."

"Nani kakuomba zawadi? Msogeze."

Alimpapasa bila haraka, mguu mmoja mmoja, kwato, meno, ndani ya masikio. Akainama, akasikiliza pumzi yake. Kondoo alikuwa ameyaelekeza macho yake meupe kwenye jua, wala hapepesi.

"Safi kabisa," alisema Uzai. "Mpitishe. Na Mungu amponye binti yako."

Hasira zilimpanda Shelomithi hadi utosini. Kumbe huyu hata hongo hahitaji, anamdharau Mungu bure bure! Aligeuka, akamwona nabii hatua tatu nyuma yake akimtazama kwa hamu. Alibakiza neno moja tu la kumwita. Lakini kwanza alitaka Uzai ajue nani anayemuumbua, kwa hiyo akamrudia kimya kimya na kumnyooshea kidole, karibu kabisa, nusura kimguse jicho.

Uzai hakupepesa.

Shelomithi alikisogeza kidole kushoto, halafu kulia. Nyuma yake nabii akakohoa kumhimiza.

"Mama," aliita Uzai kwa upole, akigeuza uso wake mahali pasipo na mtu, "umeshaondoka?"