Vidole Vitatu

Daktari wa zahanati alimuuliza mume wangu, Mwinyimvua, kama amewahi kuugua kisonono.

Nilidhani angeona haya, maana mama yake alikuwa ameketi kati yetu. Wapi! Alijiweka sawa kitini kama aliyeulizwa habari za shamba lake la mpunga.

"Mara tatu," akasema, na vidole vitatu akavinyoosha juu. "Zote nilipokuwa nikipeleka kamba wabichi Dar. Mwanaume gani hajaugua, daktari?"

"Ulitibiwa?"

"Nilijitibu mwenyewe. Siku hizi biashara huria, vidonge vya rangi mbili vimejaa madukani. Nameza viwili, maumivu yakikata naacha."

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba ugonjwa ule usipotibiwa sawasawa huweza kuziba njia za uzazi, za mwanamke na za mwanaume pia. Tutapimwa wote wawili, na ataanza na mume wangu.

Vidole vilikuwa bado juu. Kimoja kikashuka. Kisha cha pili.

Mapajani mwangu ilikuwepo chupa ya dawa ya mizizi, chungu kama nyongo. Mama mkwe amenichemshia mizizi hiyo miaka minne, huku akinitangaza Maparoni nzima kwamba mimi tasa.

Sasa aliitwaa chupa ile bila kunitazama. Akaitikisa, akang'oa kizibo, akamshikisha mwanawe.

"Kunywa," akasema. "Na hii uimalize."