Siti Iliyobonyea Kushoto

Muuza vifaa vya baiskeli kuukuu aliigeuza siti ya ngozi aliyoletewa na mjane pamoja na kofia na glavu za marehemu mumewe, akaibonyeza kwa vidole gumba viwili, kama afanyavyo kabla ya kununua.

"Imebonyea kushoto tu, mama. Mzee alikuwa na nyonga mbovu?"

"Nyonga zake zilikuwa nzima. Hakujua kukaa tu. Miaka thelathini namsema, baba watoto, kaa katikati, wala hanisikii."

"Na wewe ulikuwa unapanda nyuma?"

"Kila siku. Ila mimi sipendi kubebwa kama gunia. Lazima nione njia."

"Ulikuwa unaiona?"

"Vizuri sana. Pembeni ya bega lake la kulia."

Mjane akaivuta siti kwake. Akalaza kiganja ndani ya lile bonde la ngozi.

"Kofia na glavu chukua," alisema hatimaye. "Hii inarudi nyumbani."