Sketi Haidanganyi

Siku hizo sare za shule zilijikaza na kujilegeza zenyewe kufuata mwili wa mtoto. Kitu ambacho watoto hawakuambiwa ni kwamba mzazi aliweza kuzibana zaidi kwa simu yake. Zawena alifanya hivyo mara moja tu, baada ya wifi yake kusema mbele ya wageni kwamba Tunu ameumuka kama andazi. Tangu hapo, kila binti yake alipokula, sketi ilimbana kiunoni. Kidogo tu, Zawena alijiambia, ili ajizuie mwenyewe.

Tunu alikuwa na miaka kumi na minne, na hakulalamika. Aliacha maandazi, kisha chapati, kisha wali.

Jumatatu alianguka mstarini. Zawena alimkuta amelazwa kwenye benchi la ofisi ya walimu, midomo imemkauka.

"Nisamehe, mama. Najitahidi, lakini nikila tu nanenepa. Sketi haidanganyi."

Zawena alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimshika mkono, akamwinua.

Walipofika nyumbani alijifungia chooni na simu, akailegeza sketi mpaka mwisho. Kisha akapakua wali na maharage ya nazi, sahani ikajaa, akakaa karibu na mwanawe.

Tunu alishika kiuno cha sketi, akakivuta, kikaja. Akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

"Mama, imelegea," alisema, akiisogeza sahani pembeni. "Kumbe kutokula kunasaidia."