Udongo wa Ndani ya Miiba

Mbinya alilishika tawi la miiba lililoziba mlango wa kisesi, malisho yake yaliyofungwa kilimani, lakini hakulivuta.

Nyuma yake ng'ombe wake wa mwisho, mbavu nje, alikuwa akinusa harufu ya nyasi.

"Fungua, mwaitu," mwanawe mkubwa alimwambia mama yake. "Au unawawekea malaika?"

Mbinya aliinama akachota udongo wa nje, ambako mifugo ya kijiji ilikwangua nyasi mpaka mizizi. Ulikuwa mwekundu, ukapeperuka kabla hajafumba kiganja. Akapenyeza mkono kati ya miiba, akachota wa ndani. Ulikuwa mweusi, wa baridi, umeshikwa na vijizizi vyembamba kama nywele za mtoto.

Mtu wa kilimo aliyewahi kuja kijijini alisema weusi ule ni hewa ambayo nyasi huivuta na kuizika, na zikiliwa zote hewa hurudi juu, udongo unabaki vumbi. Siku hiyo Mbinya alicheka. Hewa inazikwaje?

Ng'ombe akapiga goti, akajiinua kwa taabu.

"Huyu akilala, hainuki tena," mwanawe alisema.

"Najua."

Aliacha mlango umezibwa, akafungua kamba ya ng'ombe kwa mkono mmoja, akampa mwanawe. Ule mwingine ulikuwa bado umefumba udongo.

"Mpeleke soko la Kanyangi," alisema, "angali anatembea."